Mtoto wa dirishani

Safari hii hatuandiki habari za ndoa wala za watu wanaojitayarisha kwa ubatizo. Tunaandika habari ya mchezo. Wazee wengine watasema: Katekisti amekosa kazi. Tunawaomba watuvumilie, wasome mpaka mwisho, ndipo watuhukumu, kwani katika habari hii tuna deni letu wenyewe, na tunataka kulisema mbele yenu.

Mchezo wenyewe ni ule wa ubao wenye vyumba 64, cheupe na cheusi, cheupe na cheusi. Watu wa pwani wanauita sataranji. Kila mchezaji ana vipande 16: mfalme, malkia, minara miwili, farasi wawili, askari wadogo wanane, tena vipande viwili vyenye jina la kuchekesha. Kwa Kifaransa kipande hicho kinaitwa fou, ndiyo kusema mwenye wazimu. Jirani zetu wa Uganda, waliosoma kwa Kiingereza, wanakiita askofu. Na zamani Waarabu walikiita tembo. Siku tulipowaeleza watoto wa parokia jambo hili, walicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Tangu siku ile sisi tunasema tembo, tusije tukamkosea mtu heshima.

Mchezo huu tulijifunza seminarini. Padri mmoja mzee, aliyetufundisha Kilatini, alikuwa na sanduku la vipande vya mti, na kila Alhamisi mvua ilipozuia mpira alilileta katika chumba cha masomo. Sheria yake ilikuwa moja: ukigusa kipande, utakiendesha. Hakuna kurudisha mkono. Tulikasirika mara nyingi, tukidhani ni ukali wake. Baadaye tulijua kwamba ndiyo sheria ya mchezo duniani kote. Alituambia pia kwamba padri mmoja wa Hispania, Ruy López, aliandika kitabu juu ya mchezo huu mwaka 1561, na kwamba Mtakatifu Teresa wa Avila, alipowafundisha masista wake kusali, aliwapa mfano wa ubao huu, akisema hakuna malkia anayemfanya Mfalme ajitoe kama unyenyekevu. Sisi wakati ule tulitaka kushinda tu.

Seminari hatukuimaliza. Leo tuna mke na watoto watatu, tunafundisha dini katika parokia moja ya mji wa Goma, na lile sanduku la yule mzee ndiyo mali pekee tuliyotoka nayo kule, kwani alitupa mkononi siku ya kuagana.

Basi, mwaka 2019 ndugu mmoja tuliyesoma naye, anayekaa Ulaya, alitupelekea kwa simu habari iliyoandikwa na Bwana Nicholas Kristof katika gazeti la New York Times. Habari ilikuwa ya mashindano ya sataranji ya watoto wa shule wa jimbo la New York, kule Marekani. Tukisema jimbo, msifikiri jimbo la Baba Askofu. Marekani ina majimbo 50 ya serikali, kila moja na gavana wake, na katika majimbo hayo watoto wa shule wana mashindano yao ya sataranji, kama vile sisi tunavyokuwa na mashindano ya mpira kati ya shule na shule.

Tueleze kidogo mashindano hayo yanavyokwenda, kwani sisi wenyewe tulistaajabu. Watoto wanagawanywa kwa madarasa: wadogo, tangu chekechea mpaka darasa la tatu, wanacheza peke yao, wakubwa kidogo peke yao, na hivyo mpaka vijana wa sekondari. Wanaingia katika jumba kubwa lenye meza ndefu, kila ubao na namba yake. Wazazi mara nyingi hawaruhusiwi kusimama karibu na meza, wanangoja nje. (Tungependa sheria hii ifike pia katika viwanja vyetu vya mpira.) Watoto wawili wanapeana mikono, saa inaanza kuhesabu, na kimya kinaingia, mtoto wa miaka saba akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mzee mwenye kesi.

Tena hakuna anayefukuzwa akishindwa mara moja. Wanafuata utaratibu unaoitwa wa Uswisi, kwani ulianza kutumika kule Zürich mwaka 1895. Katika mzunguko wa kwanza kila mtu anacheza. Katika wa pili, walioshinda wanakutana na walioshinda, walioshindwa na walioshindwa, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukishinda unapata alama moja, mkilingana kila mmoja nusu. Aliye hodari anapanda mpaka akutane na hodari mwenzake, na aliye dhaifu anashuka mpaka apate mtu wa kiasi chake, naye akionje kushinda. Tulipiga hesabu kwa chaki: watoto wakiwa 64, mizunguko sita yatosha kumwacha mmoja asiyeshindwa. Na hakuna aliyerudi nyumbani bila kucheza yote sita. Utaratibu huu ulitupendeza sana, na tulisema: hivyo ndivyo tutakavyofanya sisi.

Mwisho wa yote zinatolewa zawadi. Kule hawatoi kikombe kimoja tu. Wa kwanza anapata, na wa pili, na wengine wanaomfuata. Kisha alama za wachezaji bora wa shule moja zinajumlishwa, na shule nayo inapata kikombe chake. Vikombe vyenyewe ni virefu, vinang'aa kama dhahabu ingawa si dhahabu. Yule mzee wetu wa Kilatini hakupenda vikombe. Alisema vinamfanya mtoto atazame meza ya zawadi badala ya ubao. Sisi tulimwamini miaka mingi, mpaka tuliposoma habari za mtoto aliyeshinda mwezi wa tatu wa mwaka ule 2019, katika mji wa Saratoga Springs, kati ya wale wa chekechea mpaka darasa la tatu.

Jina lake Tanitoluwa Adewumi. Kwa kifupi wanamwita Tani. Alikuwa na miaka minane. Ni mtoto wa Nigeria, mkristu. Jamaa yake ilikimbia nchi mwaka 2017 kwa kuogopa wale Boko Haram. Walifika New York mikono mitupu, na mchungaji mmoja aliwasaidia kupata nafasi katika nyumba ya serikali wanamolazwa watu wasio na makao. Humo ndimo walimokuwa wakiishi, baba, mama na watoto wawili. Baba alikodi motokaa akachukua abiria, na kazi nyingine tena. Mama alijifunza kazi ya kusaidia wagonjwa nyumbani kwao.

Tani alipelekwa katika shule ya serikali, P.S. 116. Huko mwalimu mmoja alifundisha sataranji darasani, na mtoto akaipenda. Alitaka kuingia katika chama cha sataranji cha shule, lakini chama kilikuwa na malipo. Mama yake aliandika barua, akasema wazi: tunakaa katika nyumba ya wasio na makao, hatuwezi kulipa. Na yule aliyesimamia chama, Bwana Russell Makofsky, alijibu kwamba mtoto aje, asilipe kitu. Ndugu wasomaji, shikeni jambo hili, tutalirudia.

Kule kila mchezaji ana hesabu ya nguvu zake. Tani alipoingia mashindano ya kwanza alikuwa na 105, akiwa wa mwisho kabisa kati ya waliokuwapo. Mwaka mmoja baadaye alikuwa na 1587. Wakati huo yule aliyekuwa wa kwanza duniani, Magnus Carlsen wa Norway, alikuwa na 2845. Basi mtoto alikuwa bado mbali na mlima, lakini tazameni alikotoka. Jioni alilala kifudifudi sakafuni mwa ile nyumba, akifanya mazoezi kwa kompyuta ya baba yake. Kila Jumamosi mama alimpeleka Harlem kwa mafunzo ya saa tatu yasiyolipwa. Tena mama huyu, mwenye kusali sana, alimruhusu mara nyingine kukosa kanisa siku ya mashindano. Hapa sisi katekisti tulisimama kidogo katika kusoma! Hatusemi wazazi wa parokia yetu wafanye hivyo. Twasema tu kwamba tulimfikiria mama yule muda mrefu, tukaona hakufanya hivyo kwa uzembe.

Katika mashindano ya jimbo alikutana na watoto wa shule za gharama, wengine wana mwalimu wa sataranji anayekuja nyumbani kwao. Mchezo mmoja aliutoa tembo wake aliwe, naye akapata askari mdogo tu. Walimu wake waliotazama waliona mtoto amepotea. Wakaiuliza kompyuta, na kompyuta ikasema mtoto ameona vizuri: kwa kupoteza vile nafasi yake imekuwa bora. Hakushindwa hata mara moja. Akarudi katika nyumba ya wasio na makao akiwa amebeba kikombe kinachokaribia kimo chake mwenyewe.

Hapo ndipo tulipoacha kumfuata yule mzee wetu juu ya vikombe. Mtoto ambaye hana kitanda chake, hana anwani, na akiulizwa shuleni anakaa wapi anatazama chini, siku ile alipita barabarani amekumbatia kitu ambacho kila mtu aliweza kukiona. Mtoto wa tajiri ana vitu vingi vya kuonyesha. Kwake kikombe ni kimoja zaidi.

Mambo yaliyofuata yalikuwa mengi, tuyapite upesi. Watu walisoma gazeti, wakachanga fedha zaidi ya dola laki mbili kwa muda wa siku chache. Walipewa nyumba ya kukaa, si kubwa, karibu na shule. Shule za gharama zilimwita Tani, lakini wazazi walikataa. Walisema shule iliyomwamini mtoto wakati hakuna aliyemjua ndiyo atakayosoma. Na zile fedha walisema hawatazila. Sehemu ya kumi kwa kanisa lililowasaidia, na nyingine kwa mfuko wa kusaidia Waafrika waliofika Marekani katika shida kama yao. Mwezi wa tano 2021, akiwa na miaka kumi, Tani alipata cheo cha Masta wa Taifa, na hicho wazee wengi wa mchezo huu hawakipati mpaka kufa.

Msifikiri kwamba mambo haya yako Marekani tu. Karibu na sisi, kule Katwe, mtaa wa maskini wa Kampala, Bwana Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Mwaka 2005 hivi binti mmoja, Phiona Mutesi, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa fedha, alimfuata kaka yake mpaka pale kwa sababu ya ule uji. Aliyemwonyesha vipande vinavyokwenda alikuwa binti mdogo sana kuliko yeye. Mwaka 2010 Phiona alikuwa Siberia, akiichezea Uganda katika mashindano ya mataifa. Na Lagos, Bwana Tunde Onakoya amekusanya watoto wa mitaa ya mabanda akawafundisha. Ni yule aliyecheza saa 60 mfululizo katika uwanja wa Times Square, New York, mwezi wa nne 2024, ili kuwatafutia watoto fedha za masomo.

Sasa tuje kwetu.

Habari ya Tani tuliwasomea watoto wa parokia mara nyingi. Tuliitafsiri, tukaipiga chumvi kidogo pale penye tembo, na watoto waliiomba tena na tena. Ndiyo iliyotufanya, likizo kubwa ya mwaka 2023, tutangaze baada ya Misa mashindano yetu wenyewe. Seremala mmoja mkristu alitukatia mbao kumi na moja. Vipande vilivyopungua tulitengeneza kwa vifuniko vya chupa tukiandika juu yake herufi. Kikombe kilikuwa kopo la maziwa, tumelipaka rangi ya manjano na kulitia mashikio ya waya. Watoto 22 walijiandikisha. Tena, kwa kuwa shirikisho la mchezo huu, lililoanzishwa Paris mwaka 1924, lina neno lake la Kilatini, Gens una sumus, nasi Kilatini ni fahari yetu ya mwisho, tuliliandika kwa chaki ukutani, na chini yake Kiswahili: Sisi ni jamaa moja.

Chini ya maneno hayo tuliweka meza ya kupokea malipo. Franka elfu moja kila mtoto. Tulitaka kununua madaftari na kalamu za zawadi, na sanduku la parokia lilikuwa tupu. Baba Paroko alikubali.

Mnajua mji wetu ulivyokuwa wakati ule. Tangu mwaka 2022 watu wa Rutshuru na Masisi walikuwa wamefika kwa maelfu na maelfu, wakikaa kambini chini ya vitambaa vya plastiki, juu ya mawe ya volkano. Kati ya watoto wao kulikuwa na mmoja, wa miaka tisa au kumi kwa kumtazama, aliyezoea kusimama dirishani mwa ukumbi wetu tulipofundisha. Hakuingia. Aliweka kidevu juu ya ukingo wa dirisha, akatazama. Alikuja mchana baada ya mchana, karibu majuma sita. Tulimwona, na mara moja au mbili tulimtikisia kichwa. Tulidhani anatafuta kivuli.

Siku moja mtoto wetu aliye hodari kuliko wote, mwana wa mwenye duka, alikuwa peke yake na ubao karibu na dirisha, akamwita kwa mzaha wacheze. Yule akacheza akiwa nje, akionyesha kwa kidole, na mwenzake akimsukumia vipande. Alitumia mkono wa kushoto. Sisi tulikuwa tukipanga majina. Tuliposikia kimya tuligeuka. Mfalme wa mwana wa mwenye duka alikuwa amefungwa kila upande, na malkia wake bado yupo, hana la kufanya. Mtoto wa dirishani alisema pole pole, "Amekwama." Hakucheka.

Siku ya kujiandikisha akaingia kwa mlango. Akasimama mbele ya meza, akasema, "Mwalimu, na mimi."

Tukamwambia: "Franka elfu moja."

"Sina, Mwalimu."

Tulikuwa tumechoka. Nyuma yake walikuwa wengine wenye noti mkononi. Mama mmoja alikuwa akituuliza habari ya ubatizo wa mtoto wake wakati huo huo. Hatusemi haya kujitetea, twasema yalivyokuwa. Tukamwambia: "Wenzako wamelipa. Haki ni haki. Kalete, jina lako litaandikwa."

Mkononi alikuwa ameshika tembo mmoja wa mti, wa lile sanduku la Padri mzee, ambaye pengine alimwokota mezani. Alimrudisha mahali pake, akamgeuza vizuri atazame mbele, akatoka.

Mashindano yalikwenda vizuri sana. Mizunguko mitano, utaratibu wa Uswisi, hakuna ugomvi, wazazi nje. Mwana wa mwenye duka alishinda. Tulipiga picha. Baba Paroko alitupongeza. Nasi, kwa furaha, tuliona hotuba haiwezi kukosa habari ya Tani. Tukaisimulia tena mbele ya wazazi wote: nyumba ya wasio na makao, barua ya mama, tembo aliyetolewa, kikombe. Tulipofika mwisho, msichana mmoja wa miaka minane, aliyekuwa wa kumi na tisa katika mashindano na hakupata kitu, akanyosha mkono.

"Mwalimu, yule mtoto wa New York alilipa ngapi?"

Tukajibu kwa kujivuna: "Hakulipa. Walimsamehe."

Akafikiri. Kisha akasema: "Na yule wa dirishani?"

Ndugu wasomaji, hatukujibu. Wazazi wengi hawakuelewa anauliza nini, wakapiga makofi, na ukumbi ukaanza kutawanyika. Mtoto yule alituhukumu bila kujua anatuhukumu. Habari ile tulikuwa tumeisoma labda mara ishirini. Tuliipenda kwa sababu ndani yake tulijiona pamoja na mama anayeandika barua na mtoto anayebeba kikombe. Hatukuwaza kwamba katika habari ile kulikuwa pia na mtu aliyekaa mezani akipokea malipo, na kwamba kiti chetu ni kile.

Jumatatu tulichukua madaftari matano na ubao mmoja, tukaenda kambini. Hapo aibu ilitufika kwa pili: hatukuwa na jina lake. Majuma sita dirishani, na hatukumwuliza jina. Mtaingia kambi yenye watu maelfu na kuuliza nini? Tuliuliza mtoto mwanaume wa miaka kumi anayetumia mkono wa kushoto na kupenda ubao wa vipande. Watu walitutazama. Mmoja alidhani sisi ni watu wa msaada, akatuletea watoto wake wanne waandikwe. Tulirudi mara tatu. Mara ya tatu mama mmoja anayeuza makaa alisema alimjua mtoto wa namna hiyo, anayechora vyumba juu ya mchanga na kucheza peke yake kwa mawe, upande huu kisha upande huu. Lakini mama yake amehamia kambi nyingine penye ndugu zao. Hakujua ipi. Mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia mjini, mwezi uliofuata kambi zikavunjwa, na watu wakatawanyika kila mmoja na njia yake.

Leo tunacheza tena, Jumapili alasiri. Meza ya malipo hatunayo. Wazazi wengine wametulaumu, wakisema kitu cha bure hakiheshimiwi, na kwamba waliolipa mwaka ule wameonewa. Neno lao lina ukweli kidogo: mwaka ule madaftari yalinunuliwa, mwaka uliopita zawadi ya wa kwanza ilikuwa maembe sita. Mwana wa mwenye duka alishinda tena, akagawa maembe na wale wa meza yake. Yule msichana amekuwa wa saba.

Sasa tunaloombea nafasi hii ya gazeti ni hili. Gazeti linafika parokia nyingi, huku na ng'ambo ya ziwa, hata kwa ndugu waliokimbilia Uganda na Burundi. Kama katika kijiji chenu au kambi yenu yuko mvulana, ambaye kwa sasa atakuwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, wa Rutshuru au Masisi, anayetumia mkono wa kushoto, na kile kipande cha fou anakiita tembo, kwani neno hilo amelisikia dirishani mwetu tu: mwulizeni jina lake kwanza. Kisha mwambieni kwamba nafasi yake katika orodha iko wazi, namba 23, haina malipo. Na kama hawezi kuja, tutumieni jina na mahali kwa njia ya Padri wenu. Lile sanduku la mzee liko tayari kusafiri, na vipande vyake vyote thelathini na viwili vimo.